PENGO SI SIFURI
Namna ya kuchora chati za akiba pale kumbukumbu inapokosekana

(Mada iliyosomwa na Kamati ya Kumbukumbu mbele ya wanachama na wageni waalikwa, Shishiyu, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu)

 

Mama Mwenyekiti amekwisha kueleza historia ya kikundi, na Mweka Hazina amesoma hesabu. Sisi wa Kamati ya Kumbukumbu tumepewa kazi moja tu, nayo ni kuzieleza zile chati zilizobandikwa ukutani, ambazo pia zimechapwa katika kijitabu hiki. Tumewaona wengi mkizisogelea, mkinyoosha kidole na kuulizana: "Mbona mstari umekatika hapa? Mashine iliishiwa wino?"

Hapana jamani, wino ulikuwepo. Mstari umekatika kwa sababu tumeuacha ukatike makusudi. Pale palipokatika hatuna namba, na mahali tusipokuwa na namba hatutaki kuchora kana kwamba tunayo. Tunaomba dakika chache tuwaeleze kwa nini jambo hili linaloonekana dogo linagusa heshima ya kila mama aliyekaa hapa.

1. DAFTARI LINAJUA, JEDWALI HALIJUI

Wote tunaujua ule msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kitabu cha mwanachama, kila wiki ina viboksi vitano vya kugongewa muhuri, kwa kuwa hisa ni kuanzia moja hadi tano. Ukinunua tatu unagongewa mihuri mitatu, na viboksi viwili vilivyobaki vinapigwa mstari pale pale mbele ya wote, ili mtu asije akaongeza muhuri baadaye. Kwa hiyo hata pasipo na muhuri, daftari letu linasema jambo. Mstari ule maana yake ni kwamba tuliona, tukahesabu, tukafunga.

Njia hii ya akina mama kuweka hisa katika sanduku ilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE. Wengi wa akina mama wale hawakujua kusoma, na hesabu walizishika kichwani. Sasa kichwa kina faida moja ambayo kompyuta haina. Mtu akikumbuka kwamba wiki fulani fulani hakuweka kitu, anakumbuka na sababu yake: alikuwa na msiba, alikuwa amejifungua, mto ulijaa. Namba na sababu vinakaa pamoja.

Lakini ukihamisha daftari kwenda kwenye lahajedwali, yaani lile jedwali la kompyuta la Excel au LibreOffice, inahama namba peke yake. Sababu inabaki nyuma. Kinachobaki kwenye jedwali ni seli tupu, na seli tupu haisemi kitu. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu binadamu hapendi kuona tobo. Akiliona anataka kuliziba, na kitu cha kwanza kinachokuja mkononi ni sifuri.

2. MAPENGO YANATOKA WAPI

Tulipokaa na madaftari ya miaka kumi tulikuta mapengo ya aina tano, nayo hayafanani hata kidogo.

(a) Hapakuwa na mkutano. Pengine kijiji kilikuwa na msiba, pengine mvua ilikata njia, pengine ilikuwa siku ya uchaguzi. Hakuna aliyenunua hisa kwa sababu sanduku halikufunguliwa.

(b) Mkutano ulikuwepo, mwanachama hakuwepo. Alikuwa mgonjwa, au anauguza, au yuko kwenye arobaini ya uzazi.

(c) Mwanachama alikuwepo ila hakununua hisa. Hii ndiyo sifuri ya kweli. Alikaa, alisikia jina lake likiitwa, akasema leo sina. Haina aibu yoyote, na inaandikwa 0.

(d) Mwanachama alikuwa bado hajajiunga, au alikwisha kuondoka. Huwezi kumhesabia mtu wiki ambazo hakuwa wa kwetu.

(e) Kumbukumbu yenyewe imepotea. Ukurasa umelowa, umechanika, panya wamekula. Fedha iliingia na ilihesabiwa, lakini karatasi ya kuonyesha kiasi cha wiki ile haipo.

Katika hizi tano ni moja tu iliyo sifuri. Anayejaza sifuri katika zote tano amesema kweli mara moja na uongo mara nne, ingawa hakukusudia kudanganya mtu.

Akina mama tuna mfano wa jambo hili ndani ya nyumba zetu, nao ni kadi ya kliniki ya mtoto. Ile kadi ni chati! Kila mwezi mtoto anapimwa, nesi anaweka kitone, vitone vinaunganishwa, na mama anaona kama mwanawe anapanda au anashuka. Kadi za namna hiyo zilienezwa na Dk. David Morley, Mwingereza aliyefanya kazi Ilesha, nchini Nigeria, kuanzia miaka ya 1950. Sasa tuulizane: mwezi ambao hukwenda kliniki, nesi anaweka kitone kwenye kilo sifuri? Hawezi. Hakuna mtoto aliye hai mwenye kilo sifuri. Anauacha mwezi ule mtupu, na anakuuliza ulikuwa wapi. Basi chati ya akiba nayo tuitendee hivyo hivyo.

3. SIFURI ILIVYOTUGHARIMU

Ndugu Mgeni Rasmi, hatusemi haya kwa kusoma vitabuni tu. Wakati mmoja kikundi kiliomba mkopo wa kununua mashine ya kukamua alizeti. Tuliambiwa tuambatanishe chati ya akiba ya miaka mitatu. Kazi ya kuchapa ikafanywa na kijana mmoja wa duka la vifaa vya ofisi huko mjini. Yeye, ili jedwali lake lipendeze, alijaza 0 katika kila seli tupu. Hakuuliza.

Ile chati ilitoka na rangi nzuri kweli kweli. Lakini mstari ulikuwa unapanda, halafu unaanguka mpaka chini kabisa, unapanda tena, unaanguka tena, kama meno ya msumeno. Jibu la waliosoma maombi yetu likaja kwamba uwekaji wetu wa akiba hauna uhakika, kikundi kinasimama na kuanguka. Wakati zile wiki za kuanguka ni wiki ambazo hatukukutana! Tulikuwa makaburini tunazika, au tulikuwa mashambani kwenye palizi ya pamba na tulikubaliana mapema kuahirisha. Fedha iliyokwisha wekwa ilikuwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, haikupungua hata shilingi.

Tulipopeleka madaftari yenyewe na kueleza ukurasa kwa ukurasa, tulieleweka. Ila msimu wa alizeti ulikuwa umepita. Hicho ndicho tulicholipa kwa sababu ya sifuri zisizokuwa zetu.

4. WASTANI NAO UNADANGANYIKA

Chukueni mfano wa kubuni. Mama mmoja, katika wiki sita, ana hisa hizi: 5, 4, pengo, 5, pengo, 4. Wiki mbili za pengo alikuwa amelazwa. Jumla yake ni hisa 18. Ukigawa kwa wiki 4 alizokuwepo, wastani wake ni hisa 4.5. Ukijaza sifuri ukagawa kwa 6, wastani ni hisa 3.

Fedha yake haikubadilika. Hisa 18 ni 18 tu, na siku ya kugawana atalipwa za 18. Kilichopungua ni sifa yake. Kwenye chati ya kwanza ni mwanachama imara, kwenye ya pili ni mwanachama wa kusuasua, na maskini hajui hata nani amemshusha. Kompyuta yenyewe inafuata ulichoandika: hesabu ya wastani ya Excel, ile inayoitwa AVERAGE, huiruka seli tupu lakini huihesabu sifuri. Kwa hiyo kidole kimoja kinachobonyeza 0 kinaweza kumpunguzia mtu heshima yake.

Lakini tusiwe wepesi wa kuegemea upande mmoja. Kuna mwenzake wa kubuni anayekuja wiki zote sita na kununua hisa 3 kila wiki. Jumla yake nayo ni 18. Tukitangaza wastani peke yake, aliyekosa mara mbili ataonekana kumzidi aliyehudhuria kila mara, na hilo nalo si haki. Kwa hiyo tumekubaliana wastani usisomwe peke yake. Tunasoma hivi: "wastani 4.5, wiki 4 kati ya 6", na "wastani 3, wiki 6 kati ya 6". Kila mmoja anapata sifa yake.

5. NJIA TATU ZA KUCHORA PENGO

Kompyuta inakupa njia tatu. Katika Excel bofya chati kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua palipoandikwa "Select Data", halafu kitufe cha "Hidden and Empty Cells". Hapo utaulizwa seli tupu zionyeshwe vipi.

Njia ya kwanza ni kuacha pengo. Mstari unakatika, unaanza tena mbele. Hii ndiyo kanuni yetu kwa hisa za kila wiki. Anayeona anajua kwamba hapa pana jambo la kuuliza.

Njia ya pili ni kuchora sifuri. Hii tunaitumia pale tu ambapo sifuri ni kweli, yaani watu walikuwepo, sanduku lilifunguliwa, hakuna aliyenunua.

Njia ya tatu ni kuunganisha, mstari unaruka juu ya pengo kutoka kitone hadi kitone. Njia hii inafaa kwa kitu ambacho tunajua hakikukoma hata kama hatukukipima. Mfano ni sensa. Nchi yetu ilihesabu watu mwaka 2002 ikapata kama milioni 34.4, mwaka 2012 kama milioni 44.9, na mwaka 2022 watu 61,741,120. Katikati ya sensa na sensa watu walikuwepo, walizaliwa, walikufa, kwa hiyo kuunganisha si kosa. Lakini hisa za wiki isiyo na mkutano hazikuwepo popote. Tuseme wiki moja tulinunua hisa 120, iliyofuata hatukukutana, na ya tatu hisa 130. Mstari wa kuunganisha utapita kwenye 125. Mtu atauliza, zile 125 ziko wapi? Utamjibu nini?

Kwa upande wa kumbukumbu iliyopotea tunaruhusu kuunganisha kwa mstari wa nukta nukta, na chini yake tunaandika kwamba hapa ni kukisia. Ila kukisia huko kunaishia kwenye chati. Ndani ya daftari la fedha hakuna kukisia hata siku moja.

Kuna chati nyingine ya jumla inayojikusanya, ile inayoonyesha akiba yote iliyokwisha wekwa tangu mwanzo wa mzunguko. Wiki isiyo na mkutano, mstari wa chati hiyo unalala bapa, na hapo ubapa ni kweli, kwa sababu fedha ipo na haikuongezeka. Kwa hiyo kabla ya kuchora jiulize kwanza: ninachora kilichoingia wiki hii, au kilichomo ndani ya sanduku?

6. MITEGO YA KOMPYUTA

Kwa vijana wetu wanaotusaidia kuchapa, mitego ni minne.

Mosi, usiandike maneno kama "hakuna" au "msiba" ndani ya seli ya namba. Chati ya mstari ya Excel itayasoma maneno hayo kama sifuri. Andika sababu katika safu ya pembeni.

Pili, kanuni ya hesabu inayotoa alama mbili za nukuu bila kitu ndani huonekana kama seli tupu machoni, lakini chati huichora kama sifuri. Tumia =NA(), nayo haitachora kitone. Ila angalia, seli hiyo itaharibu jumla na wastani, kwa hiyo jedwali la kuchorea likae mbali na jedwali la fedha. Vile vile matoleo mengine ya Excel yataunganisha mstari juu yake badala ya kuacha pengo. Angalia chati kabla ya kuichapa.

Tatu, katika chati ya nguzo, sifuri na pengo vinafanana, vyote havina nguzo. Hapo hakuna ujanja ila kuandika kwa maneno: "Hapakuwa na mkutano".

Nne, usifute wiki yote ili kuficha pengo. Wiki zikirukwa, safari ya mwaka inaonekana fupi kuliko ilivyokuwa.

7. SI SISI PEKE YETU

Msidhani haya ni ya vikundi vidogo tu. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157 na ya mwaka 2022 watu 2,140,497. Sasa chukua jedwali la mikoa kama lilivyochapwa katika sensa ya 2002: hutaikuta Simiyu. Je, Shishiyu hapakuwa na watu? Wazee waliozaliwa hapa wamekaa mbele yetu! Tulikuwepo, tulihesabiwa, ila ndani ya Shinyanga. Na ukichora chati ya Shinyanga utaiona inashuka kutoka karibu milioni 2.8 mwaka 2002 hadi kama milioni 1.5 mwaka 2012. Asiyejua atasema watu wamekimbia. Hakuna aliyekimbia, mipaka ndiyo iliyohama: Maswa, Bariadi na Meatu zikaja Simiyu, na sehemu nyingine ikaenda Geita.

Mfano mwingine wa karibuni ni ugonjwa wa Korona. Mwezi Mei 2020 jumla ya wagonjwa waliotangazwa nchini ilisimama kwenye 509 na vifo 21, na takwimu mpya hazikutolewa hadi katikati ya mwaka 2021. Katika grafu nyingi za dunia mstari wa Tanzania ukalala bapa kwenye 509, na kwenye wagonjwa wapya wa kila siku ukaonyesha sifuri mwezi hadi mwezi. Ile haikuwa sifuri ya kuhesabu, ilikuwa pengo la taarifa. Tumeona hapo juu kwamba ubapa wa sanduku letu ni kweli, maana tumefungua kufuli tatu tukahesabu. Ubapa wa kutokuwa na taarifa ni kitu kingine, ingawa kwenye karatasi mistari hiyo miwili inafanana kama mapacha.

8. PENGO LISIWE MAFICHO

Wapo watakaosema, basi ninyi mnafungua mlango kwa wajanja. Kiongozi akila fedha ya wiki, si ataacha seli tupu na kusema kumbukumbu imepotea? Swali ni zuri, nasi tunalijibu. Pengo letu lazima liwe na sababu, na sababu lazima iwe katika muhtasari wa mkutano unaofuata, isomwe kwa sauti, itiwe sahihi na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Halafu vitabu vya wanachama viko kwa wenyewe. Ukurasa wa katibu ukiliwa na panya, mihuri iliyomo katika vitabu vya kila mama inajumlishwa na wiki ile inapatikana upya. Pengo lisilo na sababu halichorwi, linachunguzwa.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi kama chetu viko daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Kwa hiyo kumbukumbu zetu zinasomwa na watu wengi zaidi kuliko zamani, na wengi wao hawatafika Shishiyu kutuuliza. Watasoma chati tu. Chati ndiyo itakayotusemea.

9. MAOMBI YETU

Tunaomba mkutano huu upitishe mambo manne. Kwanza, katika kila karatasi ya wiki kuwe na safu ya sababu. Pili, sifuri iandikwe tu kwa mwanachama aliyekuwepo na hakununua. Tatu, kila wastani usomwe pamoja na idadi ya wiki zake. Nne, mtu yeyote tutakayempa kazi ya kuchapa apewe maagizo haya kwa maandishi, na kazi yake ikaguliwe na wanachama wawili kwa kulinganisha na daftari kabla haijatoka mikononi mwetu.

Katika chati ile ya ukutani yapo mapengo ambayo hayatarudi kuwa namba. Wapo wenzetu waliotangulia mbele ya haki ndani ya miaka hii kumi. Mistari yao inaishia katikati ya karatasi. Kijana aliyetusaidia alituuliza kama ashushe mistari hiyo hadi chini, ili chati ifike mwisho vizuri. Tulimwambia aiache pale pale kwenye hisa yao ya mwisho. Akina mama wale hawakumaliza na sifuri.

Wenye maswali tupo pale karibu na chati, njooni na vitabu vyenu tulinganishe.

 

Kamati ya Kumbukumbu,
Shishiyu, Maswa.